Kiti Ambacho Mwenyewe Alikikataa

Oktoba 2019, huko Tunisia, Afrika Kusini waliwapiga Kenya Lionesses pointi 15 kwa 14 kwenye fainali ya Afrika ya raga ya wanawake, ile ya wachezaji saba kila upande. Pointi moja. Na kwenye raga hakuna namna ya kufunga pointi moja. Trai ni 5, mkwaju unaoifuata ni 2, penalti ni 3. Hiyo moja hakuna aliyeifunga. Ni salio tu, kama ile shilingi inayobaki kwa makanga na kila mtu anaona aibu kuidai.

Mashindano hayo ndiyo yaliyokuwa yakitoa tikiti ya Afrika ya kwenda Olimpiki ya Tokyo. Afrika Kusini wakashinda, Kenya wakaenda.

Na haikuwa mara ya kwanza. 2015 mambo yalikuwa yale yale jijini Johannesburg: fainali ile ile, mshindi yule yule, halafu Rio 2016, mara ya kwanza raga ya wachezaji saba kuchezwa kwenye Olimpiki, waliopanda ndege ni Lionesses. Sababu ni sera. Kamati ya Olimpiki ya Afrika Kusini, SASCOC, ilikuwa na msimamo kwamba kufuzu kupitia mashindano ya bara hakutoshi. Timu ionyeshe inaweza kushindana na dunia nzima ndipo itumwe. Wachezaji wao walishinda uwanjani, wakubwa wao wakasema hapana, na kiti kikateremka hadi kwa aliyekuwa wa pili.

Je, kiti hicho kilikuwa cha Kenya? Siulizi kwa kanuni. Kwa kanuni kilikuwa chetu, karatasi zipo. Nauliza kama mtu anaweza kukaa kwenye kiti ambacho mwenyewe amekikataa, akakaa kabisa, mgongo wote, bila kukalia ukingo kama mgeni anayengoja kuambiwa ainuke.

Mimi swali hili nililipata Soko la Burma, kwa dada mmoja anayeuza matumbo na mamake.

Kama hujawahi kushuka pale, Burma iko Jogoo Road, karibu na City Stadium. Uwanja huo tangu 2019 unaitwa Joe Kadenge, lakini jaribu kumwambia makanga akushushe Kadenge uone atakavyokuangalia. Upande mmoja una Kaloleni, upande mwingine Shauri Moyo. Wazee wa mtaa husema jina la soko lililetwa na askari wa KAR waliorudi kutoka vita vya Burma, ile Vita Kuu ya Pili. Watu wengi huja hapa kwa nyama. Ukiwa na pesa unaonyeshwa paja linaloning'inia. Ukiwa umesota unapelekwa nyuma kidogo, kwa akina mama wa matumbo, vichwa na miguu. Vitu ambavyo hoteli za upande ule wa mji hazitaki hapa vina bei, vina wateja wake wa kudumu, na ukichelewa Jumamosi utapata ndoo tupu.

Huyo dada alicheza raga miaka kadhaa. Ameniomba nisitaje jina wala klabu, na nitamheshimu. Alianza shule ya upili, kwa sababu mwalimu mmoja aliukuta mpira wa umbo la yai kwenye stoo na hakutaka uozee huko. Kabla ya hapo alikuwa anapiga soka na wavulana kwenye uwanja wa Kaloleni, ambao ukiangukia goti msimu wa kiangazi unabaki na alama ya maisha. Eastlands ni soka. Babu zetu walibishana Gor na AFC, na sisi tunaendelea pale walipoachia. Raga katika mji huu ina barabara yake, nayo ni Ngong Road: uwanja wa RFUEA uko huko, Quins wako huko, Impala wako huko. Kutoka Burma ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Na mazoezi ni jioni, saa ile ile watu wanatoka kazini wakipitia nyama ya usiku. Kwa hivyo kila zoezi alililipia mara mbili, nauli na mauzo aliyoyakosa. Mamake hakumkataza. Alikuwa anamwambia tu, "Leo umekimbia kilo tano." Viatu vya kwanza vilitoka Gikomba, vya mwanamume, vimemzidi saizi moja, akajazia kwa soksi.

Siku moja aliitwa kambini. Kulikuwa na mwenzake waliokuwa wanagombea nafasi moja ya winga, na yule mwenzake ndiye aliyekuwa mbele. Wiki chache kabla ya kambi, kano la goti la mwenzake likakatika. Simu ikaja Jumapili jioni, mikono ya dada iko ndani ya karai la matumbo, mamake akamshikia simu sikioni.

"Nilifurahi dakika mbili," aliniambia. "Halafu nikakumbuka ni goti la nani."

Mpaka leo ukimsifu kwa ile kambi atakujibu, "Mimi niliingia na goti la mtu." Anasema huku anacheka, na kicheko chenyewe si kirefu.

Nimejaribu kumbishia mara nyingi. Njia ya kwanza ndiyo rahisi, ya kuwataja wanaume. Shujaa pia walienda Rio na Tokyo kwa tikiti ya Afrika. Mashindano ya bara ya 2015 waliyashinda Johannesburg, na ya 2019 vilevile. Lakini Blitzboks, wanaume wa Afrika Kusini, hawakuwa wanawania tikiti hiyo, kwa sababu walikuwa tayari wamefuzu kupitia msururu wa dunia. Maana yake Shujaa walipita bila kukutana na jitu lenyewe mlangoni. Sijawahi kusikia mtu kwenye matatu akisema Shujaa walienda Olimpiki kwa huruma. Lionesses walikutana na jitu ana kwa ana, wakaliacha na pointi moja, na hao ndio wanaoambiwa wamekula makombo. Nikifikiria hilo sana hasira hunipanda, na sitaki kuandika nikiwa na hasira, basi tuendelee.

Tuendelee kwa sababu hoja hiyo haimalizi kitu. Inaonyesha tu kwamba tunawapima wanawake kwa mizani nyingine, jambo ambalo hata mtoto wa Makongeni anajua. Haijibu kama kiti ni chako.

Njia ya pili ni kuangalia walichokifanya na kiti chenyewe. Rio walianza na New Zealand, wakalimwa 52 kwa 0. Ufaransa wakawapiga 40 kwa 7. Mwishoni wakaifunga Colombia 22 kwa 10 na kumaliza nafasi ya 11 kati ya timu 12. Miaka mitano baadaye, Tokyo, janga la korona limeacha viti vitupu uwanja mzima, ratiba ikawapa New Zealand tena, wale wale waliotoka Rio na fedha na ambao hapo Tokyo wangechukua dhahabu. Safari hii matokeo yalikuwa 29 kwa 7. Kisha nahodha Philadelphia Olando na wenzake wakaichapa Japan 21 kwa 17, Japan ikiwa nyumbani kwake, wakamaliza wa 10.

Ukizisoma haraka hizi ni namba za timu inayopoteza. Zisome kama mtu wa Burma anavyosoma mizani. Kutoka 52 kwa 0 hadi 29 kwa 7, mbele ya timu bora duniani, kwenye mchezo wa dakika 14 tu, nusu mbili za dakika saba saba. Janet Okelo alikuwemo Rio na akawemo Tokyo. Mchezaji kama huyo, ambaye mwili wake umebeba mechi zote mbili, anajua tofauti ya 52 na 29 kwa namna ambayo mimi na wewe hatutaijua. Na tofauti hiyo haingepatikana kama wangebaki nyumbani 2016 wakisema tungoje hadi tutakapostahili. Kuna kustahili kunakokuja kabla, na kuna kustahili ambako hakuna pa kukutafuta isipokuwa ndani ya kazi yenyewe. Nani amewahi kuwa dereva wa Jogoo Road kabla ya kuendesha Jogoo Road?

Napenda hoja hii. Lakini ina tundu, na dada alilipata kabla sijamaliza chai yangu.

"Kwa hivyo wangepigwa sitini Tokyo, kiti kingekuwa cha wizi?"

Nikanyamaza.

"Na mimi kule kambini sikufanya maajabu. Nilikimbia vizuri, nikarudishwa. Sasa mimi niliiba?"

Ana haki. Kama matokeo ndiyo yanayohalalisha kiti, basi kila anayepewa nafasi kwa bahati yuko kwenye dhamana, anangoja hukumu. Watoto wa mitaa hii tunaijua hali hiyo vizuri sana. Ukipata basari unaambiwa usituangushe. Ukipata kazi kwa mlango wa nyuma, au hata wa mbele ambao hukuutarajia, unafanya kazi ya watu watatu ili asiwepo wa kuuliza uliingiaje. Mwenye kiti cha baba yake halipi kodi hiyo. Anakaa tu.

Muhula mmoja kabla ada haijaishinda familia yangu na mimi kuacha chuo, tulisomeshwa John Rawls, yule Mmarekani aliyetoa *A Theory of Justice* mwaka 1971. Yeye alisema hata kipaji ulichozaliwa nacho hukukistahili. Ulikikuta, kama ulivyowakuta wazazi wako. Nilimwambia dada hivyo. Akafikiria, akasema basi hata Afrika Kusini hawakustahili ile 15 kwa 14, na yule mteja aliyekopa kilo mbili wiki iliyopita hastahili kudaiwa. Ndipo nilipoelewa kwamba falsafa nyingine ni kama blanketi la futi nane: inafunika kila kitu mpaka huoni nani amelala wapi. Mtu wa sokoni anahitaji kujua deni la nani ni la nani.

Kwa hivyo nirudi kwenye kiti chenyewe, kabla hakijawa cha mtu. Olimpiki ingeweza kuchukua timu 12 zinazoongoza duniani, basi. Haifanyi hivyo. Inatenga nafasi kwa mabara, kwa makusudi, kwa sababu ikiitwa ya dunia inataka dunia ionekane uwanjani. Kile kiti kilikuwa cha Afrika kabla hakijawa cha Afrika Kusini au Kenya. SASCOC walikuwa na mawazo mengine kuhusu Olimpiki ni ya nini: kwao ni ya walio tayari kushindana na wakubwa, na asiyekuwa tayari asipande ndege. Ni msimamo unaoeleweka hata kama siupendi. Lakini ukikataa kiti kwa sababu ya imani yako kuhusu viti, kiti hakifi. Kina zamu. Mama wa matumbo akiacha meza yake asubuhi, haiachwi wazi mpaka jioni kwa heshima ya aliyeondoka; anayefuata anatandaza gunia lake. Na Waswahili walishasema kuhusu bahati ya mwenzio, usiilalie mlango wazi. Methali hiyo mara nyingi tunaitumia kumkanya mtu asitegemee cha jirani. Mimi naisikia pia kwa upande wa pili: jirani akikataa bahati yake, wewe funga mlango wako, uamke mapema, uende ukaangalie.

Nina sababu yangu ya kulisema hili kwa mkazo. Nafasi yangu ya chuo nilipoiacha haikumfaa mtu. Nafasi ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu haipewi mwingine. Inabaki shimo kwenye orodha, jina linasomwa wiki mbili halafu haliitwi tena. Mahali fulani kulikuwa na mtu aliyekosa kozi ile kwa alama moja, na kiti changu hakikumsaidia kitu. Nikilinganisha, kiti cha Rio kilikuwa na heri. Kilikaliwa.

Pale Burma kuna neno la hali hii, nalo ni riziki. Ukimuuliza mama kwa nini leo ameuza na jana hakuuza, hatakuambia amestahili. Atasema ni riziki. Wasomi wengine huidharau lugha hiyo, wanasema ni ya kukata tamaa. Hawajamwona mtu anayeamini riziki akiwa kazini. Anaamka saa tisa usiku. Anabishana na mwenye nyama. Anaosha matumbo kwa maji ya moto mpaka ngozi ya vidole inakunjamana. Riziki kwake haina maana ya kukaa. Ina maana kwamba hata baada ya kuyafanya yote hayo, anajua kwamba mteja angeweza kusimama meza ya pili. Kwa hivyo hana kiburi akiuza, na hana aibu. Hiyo aibu ndiyo niliyokuwa natafuta dawa yake. Kustahili kunakupa kiburi au aibu, mojawapo. Riziki inakupa kazi na kumbukumbu.

Kumbukumbu ya nani? Hapa ndipo wengi wetu tunaporuka. Tukibishana kuhusu Lionesses tunawasahau wanawake wa Afrika Kusini waliofunga zile pointi 15. Walishinda mwaka wa 2015 na Rio wakaitazama kwenye televisheni. Wakashinda 2019, na Tokyo vilevile. Mchezaji wa raga ya wachezaji saba hana miaka mingi ya mwendo wake wote; magoti na mabega yana tarehe zake. Kuna waliomaliza maisha yao ya mchezo kati ya viti viwili vilivyokataliwa kwa niaba yao. Wakenya hawakuwadhulumu. Lakini walidhulumiwa, na sisi ndio tuliokaa pale ambapo wangekaa. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na sidhani yanahitaji kusuluhishwa.

Dada alijaribu kuyasuluhisha kwa M-Pesa. Alipotoka kambini na posho yake, si nyingi, alimtumia yule mwenzake nusu, akaandika ni ya goti. Dakika kumi baadaye pesa zikarudi. Akazituma tena. Zikarudi tena, na ujumbe: "Kwani goti langu ndilo lilikimbia?" Akatuma mara ya tatu, wakati huo ada ya kutuma imeshakula nauli ya wiki. Ndipo mwenzake akapiga simu. Hawakuwa wamezungumza tangu ile Jumapili. Walizungumza saa moja na zaidi, na katika saa hiyo, kwa maelezo ya dada, hakuna aliyemwambia mwenzake pole na hakuna aliyesema asante. Walisemana sana. Mwenzake alimwambia ukweli kwamba aliombea ashindwe, halafu akaona matokeo yake na akajikuta amesimama kitandani na mguu wake wa plasta akipiga kelele. Pesa zilinunua viatu vipya, vya kike, saizi yake.

Sijui kama hilo ni suluhisho. Ninajua tu kwamba alidaiwa kitu, na kitu hicho hakikuwa pesa wala kuomba radhi, na hangeweza kukilipa kwa kukikataa kiti. Angekikataa, angepewa mwingine, na ile simu isingepigwa kamwe.

Sasa kuna mtihani wa mwisho, ambao ndio ulionifanya niandike. Kabla ya Paris 2024, Afrika Kusini walibadilisha msimamo. Wakashinda tena mashindano ya Afrika mwaka 2023, tena Tunisia, na safari hii wakubwa wao wakasema nendeni. Wakaenda. Lionesses wakabakiwa na mlango mmoja tu, mashindano ya mchujo ya Monaco, Juni 2024, na tikiti iliyokuwa huko ikachukuliwa na China. Baada ya Olimpiki mbili mfululizo, Kenya haikuwa na wanawake kwenye raga ya Paris.

Nilikasirika. Wengi tulikasirika. Kwenye matatu nilimsikia msee akisema Afrika Kusini wametunyang'anya nafasi yetu, na kichwa changu kikaitikia kabla akili haijafika. Siku hiyo hiyo nikapita Burma na hasira yangu nzima nikaiweka kwenye meza ya dada, katikati ya ndoo na mizani. Nikamwambia wametuibia.

Alikuwa anapima nusu kilo ya mtu. Hakuinua macho.

"Wee mwandishi. Walishinda ile ya Johannesburg?"

"Walishinda."

"Ile ya 2019?"

"Wakashinda."

"Na hii?"

"Hii pia."

"Sasa mara hii wamepanda ndege. Ulitaka wakatae mpaka lini?"

Mamake akanisogezea kiti cha plastiki kwa mguu. "Kijana yangu, kaa basi. Unamzibia mteja."